Uchafu Unakwenda Wapi

Nimefanya kazi ya mabomba ya maji ya mserereko, yanayoteremka yenyewe kutoka mlimani, kwa miaka thelathini na moja, na sijawahi kumwamini fundi anayesema uchafu utatoka wenyewe. Uchafu hautoki wenyewe, unahama. Unaweza kuligonga bomba lililoziba huko juu mlimani, maji yakaja kwa kishindo, watu wakakupigia vigelegele na wewe ukajiona fundi. Shuka basi ukaangalie huko chini. Kuna mtu koki yake imekauka leo, na aliyemkaushia ni wewe.

Nalijua hilo kwa sababu nililifanya. Ndiyo kwanza nilikuwa nimechukuliwa na kamati ya maji ya kijiji, mwanamke peke yangu kati ya mafundi wanne, na nilikuwa na kiherehere cha kuwaonyesha wale watatu kwamba spana haichagui suruali wala sketi. Bomba kuu lilipoziba nilipanda peke yangu hadi karibu na chanzo, nikaligonga kiungo kwa kiungo mpaka likatapika. Sikumtuma mtu akafungue kwanza mdomo wa kutolea tope ulioko bondeni. Kutu na tope vikateremka na maji, vikaingia kwenye tawi jembamba linalokwenda zahanati, vikakaa humo. Zahanati ilikosa maji siku tatu, na kina mama waliojifungua siku hizo walioga maji niliyowapelekea mimi kwa ndoo kichwani, safari baada ya safari. Hakuna aliyenituma. Nilijiadhibu mwenyewe, na tangu hapo, kabla sijashika spana, huuliza uchafu unakwenda wapi.

Kwa hiyo mtu asinishangae niliposhindwa kunyamaza mbele ya daktari bingwa. Lakini nianze na siku ulimi uliponikatalia.

Ilikuwa Julai, asubuhi, Njombe, baridi ile inayomfanya kila mtu aongee huku akitoa moshi mdomoni. Tulikuwa kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji. Nilikuwa nimesimama, kama kawaida yangu, nikimsema bwana mmoja aliyepanda mikaratusi juu kabisa ya chanzo chetu. Mikaratusi hunywa maji kuliko walevi wanavyokunywa ulanzi, na bwana yule alikuwa anajua. Nikafika katikati ya sentensi. Maneno yaliyobaki nilikuwa nayo, niliyajua yote, lakini mdomo ukatoa kitu kingine ambacho hakikuwa Kiswahili wala Kibena. Kalamu ikaanguka kutoka mkono wa kulia. Watu wakacheka, wakidhani hasira imenizidi. Nilipojaribu tena wakaacha kucheka.

Waliniketisha, wakaniletea maji ya moto. Ilichukua kama robo saa hivi. Kisha ulimi ukarudi, vidole vikapata uhai, nikasimama tena na kumalizia nilipoishia: aing'oe yote kabla ya mvua. Wakapiga makofi. Mwenyekiti akaandika, nami nikaenda nyumbani kumenya viazi.

Ningeendelea kumenya viazi hadi leo kama nisingekuwa na kaka. Kaka yangu alikuwa mwalimu wa shule, na alipostaafu akawa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, mtu ambaye akianza kusimulia unasahau chungu jikoni. Miaka mitatu kabla ya siku yangu ile, naye alipata robo saa zake, mbili au tatu. Alinieleza mimi tu. Mimi nikamwambia ni baridi hiyo, vaa kofia. Hilo ndilo nililomwambia, mimi ninayejua mabomba. Ya mwisho haikwisha. Ilimwachia mkono mmoja, mguu wa kuburuta na neno moja, nalo ni “sawa.” Ukimuuliza kama ana njaa, sawa. Ukimuuliza kama ameshiba, sawa. Akikasirika ni sawa ile ile, ila kwa sauti kubwa. Ukoo ukampenda kuliko zamani, maana mzee asiyebisha hurahisisha vikao.

Mimi kubisha ndiyo maisha yangu. Nilipata kazi kwa kubisha, nimemlea binti yangu kwa kubisha, na kile chanzo kipo hadi leo kwa sababu nilibisha na watu watatu wenye tai. Kufa sikukuogopa sana, watu hufa. Nilichoogopa ni kuachwa hai na neno moja.

Kesho yake nikaenda hospitali hapo hapo Njombe. Daktari alikuwa kijana mpole, mmoja wa wale wanaowaamkia wagonjwa shikamoo hata kama wamezimia. Akasikiliza moyo, kisha akaweka kile chombo chake shingoni kwangu, upande wa kushoto, akakisogeza mara mbili.

“Mama, hapa kuna sauti.”

“Ya mluzi?”

Akanitazama. “Umejuaje?”

“Nipe na mimi nisikilize.”

Akanivika vile vya masikioni. Kulikuwa na sauti, fuu, fuu, fuu, kila moyo ulipopiga. Maji yakipita mahali pembamba hupiga mluzi. Nimewahi kutafuta bomba bovu kwa kulala kifudifudi shambani kwa watu, sikio limegandana na chuma, na mwenye shamba akanidhania mchawi. Sasa bomba bovu lilikuwa mimi, na niliitambua sauti yake kabla kipimo hakijasema.

Kipimo kikasema. Wakanipiga altrasaundi ya shingo, na mshipa mkubwa unaopeleka damu upande wa kushoto wa ubongo ulikuwa umebakiwa na upenyo mdogo sana. Ukuta wake kwa ndani ulikuwa umejaa mafuta yaliyochanganyika na chokaa. Siku ile kikaoni, alinieleza yule kijana, kipande kidogo kilikuwa kimebanduka kikapanda kichwani, na kwa bahati nzuri damu ikakisaga. Kijacho kinaweza kukataa kusagwa. Akaniandikia vidonge vya kuzuia damu isigande na barua ya kwenda Dar es Salaam.

Mara nyingi, alisema, madaktari hupasua shingo wakaukwangua mshipa. Lakini shingo yangu ilishapasuliwa nikiwa binti, kuondoa rovu, ule uvimbe wa koo, kama wanawake wengi wa milima hii wa rika langu, na makovu ya ndani hukifanya kisu kipotee njia. Kwangu wangeingilia kinenani. Wangepanda na waya ndani ya mishipa hadi shingoni, wakapanua pale pembamba kwa kiputo, kisha wakaweka kibomba cha wavu wa chuma kishikilie ukuta usirudi. Kibomba hicho wanakiita stenti. Nilielewa yote isipokuwa jambo moja, nikamuuliza, na kijana akakuna kichwa.

“Hilo utamuuliza bingwa, Mama.”

Binti yangu ana duka la mbegu na vifaa vya bomba Makambako, karibu na njia panda, pale upepo unapovua watu kofia bila kuwaomba. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilipompigia simu alisema twende kabla sijamaliza kueleza. Lakini mume wangu alishafariki, na kwetu mjane haendi kwenye jambo kama lile bila upande wa mume kujua. Kikao kikaitishwa Makambako kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Nikamchukua kaka tukateremka wote wawili, angalau upande wangu uwe na mtu.

Shemeji si mtu mbaya. Ni mfanyabiashara wa mbao, ana sofa nyingi na uhakika mwingi. Alinikalisha, akahakikisha kila mtu amepata chai, ndipo akaanza.

“Shemeji, wewe unatembea. Unakula. Unasema, tena mno. Mtu mzima haendi kujilaza hospitali.”

“Bomba huwa halijapasuka mpaka siku linapopasuka.”

“Wewe si bomba.”

Hapo alinipata. Watu wakacheka, hata mimi. Kisha akaweka kikombe chini, na nikaona kwamba mwenzangu hakuwa anatania.

“Mimi naogopa, shemeji. Nimewasindikiza watu Dar es Salaam nikaenda kuwapokea kwenye sanduku. Halafu kuna jambo baya kuliko sanduku. Ukirudi hivi,” akanyoosha kidevu kuelekea kwa kaka, mbele ya macho yake, “nani atakuogesha? Huyu mwenye mimba?”

Swali lilikuwa la haki, na ndilo lililonichoma. Binti yangu akasema atamwogesha mama yake yeye mwenyewe, hakuna aliyemwomba shemeji msaada. Wifi yangu mmoja aliyekuwa pembeni akanong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia, wifi, dawa ndiyo ninayoifuata, wewe ndiye unayenizuia nisiisikie.

“Basi tumuulize mzee,” shemeji akasema. “Mzee, si bora akae nyumbani, tuendelee kumwombea?”

“Sawa,” kaka akasema.

Vichwa vikatikisika chumba kizima. Nikasimama. “Kaka, niende Dar es Salaam?”

“Sawa.”

Mkwe mmoja akashindwa kujizuia, na kicheko kikazunguka sofa zote. Kaka alikuwa anatutazama mmoja mmoja, uso umemshuka, anajua kabisa kinachochekwa. Sijawahi kukasirika vile, hata kwa ajili ya mikaratusi.

“Chekeni,” nikasema. “Mmempa kiti cha mbele kwa sababu hawezi kuwakatalia. Alikuwa anawashinda wote kwa hoja, na sasa mnamuuliza ili mpate muhuri. Mimi nikipoteza ulimi mtaniweka pale pembeni yake, tuwe mihuri miwili, na vikao vyenu vitakuwa vinakwisha kabla chai haijapoa. Sijaja kuomba ruhusa. Nimekuja kuaga.”

Nilipokwenda kumuaga kaka alinishika mkono wa sweta kwa ule mkono wake mzima, akang'ang'ania. Sijui kama alikuwa ananizuia au ananisindikiza. Alisema “sawa” mara nyingi, kwa haraka, na hakuna mtu pale aliyeweza kujua ni sawa ya namna gani. Nilivitoa vidole vyake kwenye sweta kimoja kimoja, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Dar es Salaam sina la kuisifia. Nilifika na sweta mbili na sikuzihitaji. Daktari bingwa alikuwa mama mfupi mwenye macho yaliyochoka, na alinichorea mshipa kwenye karatasi vizuri kabisa, akanionyesha kiputo kinaanzia wapi na stenti inaishia wapi. Kisha nesi akaweka mbele yangu fomu ya kukubali. Nikaichukua kalamu. Sikuandika.

“Daktari, uchafu unakwenda wapi?”

“Uchafu gani, Mama?”

“Mkijaza kiputo pale, ile chokaa itabanduka. Na damu inapanda juu. Mimi ni fundi wa mabomba, nimeshawahi kukosesha zahanati maji kwa kazi kama hii. Nataka kujua nani huko juu atakoseshwa.”

Nesi akanigusa bega. “Mama, daktari ana wagonjwa wengi wanasubiri.”

“Na mimi nina kichwa kimoja.”

Daktari akageuza simu yake kifudifudi mezani. Alitoka, akarudi na kitu ndani ya mfuko wa plastiki, waya mwembamba kama unywele, na mwishoni mwake mwavuli mdogo unaoweza kukaa juu ya ukucha wa kidole kidogo. Akasema hicho ndicho kichujio. Kinapita kwanza, kikiwa kimekunjwa, kinavuka pale pembamba hadi upande wa ubongo, kisha kinafunguliwa huko mbele. Ndipo kiputo na stenti hufuata. Damu inapita, chembe zinabaki. Kazi ikiisha kinakunjwa na vyote vilivyomo na kutolewa.

Nilikitazama muda mrefu. Kilikuwa kazi ya mtu mwenye akili, na kilikuwa na kasoro mbili.

“Ili kikae mbele ya uchafu, lazima kwanza kipite kwenye uchafu wenyewe.”

“Ndiyo.”

“Na kikiwa kinapita, hakuna kinachozuia.”

“Hakuna. Hapo kuna mikono yangu tu.”

“Na matundu yake?”

“Yapo, lazima yawepo, la sivyo damu itasimama. Chembe iliyo ndogo kuliko tundu itapita.”

“Mimi ningefunga kwa chini, nikarudisha maji nyuma, uchafu ukatokea huku huku.”

Alicheka, na uchovu ukamtoka machoni. “Hiyo njia ipo, Mama. Unafunga chini, damu inarudi nyuma wakati unafanya kazi. Lakini mshipa wako wa kulia nao umeanza kujaa. Nikikufungia wa kushoto, ubongo hauna pa kuazima damu. Kwako wewe maji lazima yaendelee kutiririka huku tunatengeneza.”

Nimefanya kazi hiyo mara nyingi, kutengeneza bomba lenye maji, kwa sababu kijiji hakiwezi kusubiri. Ni kazi mbaya, unalowa na unakosea. Hakuniambia nisiwe na wasiwasi. Angeniambia hivyo ningechukua sweta zangu nikaondoka. Nikatia sahihi.

Hawakunilaza usingizi. Walinichoma ganzi kinenani tu, wakanifunika, na katika mkono wa kulia wakaniwekea kidude cha mpira cha watoto, kile kinacholia ukikiminya. Nesi akaniambia kila nikiambiwa minya, niminye, wajue mkono bado uko hai. Daktari akasema na niendelee kuongea, neno lolote, ili wajue ulimi bado uko hai. Hakujua alichokiomba. Nikaanza na mikaratusi.

Nilimweleza mti mmoja unakunywa nini kwa siku, na bwana yule alipanda mingapi, na uongozi ulifumbaje macho. Waya haukuuma. Niliuhisi kama wazo la kitu kinachotembea. Vijana waliokuwa kwenye mitambo walikuwa wanacheka chini ya barakoa zao. Kisha daktari akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Navuka sasa,” na mimi nikajua tumefika mahali pasipo na ulinzi. Sikupunguza sauti. Niliongeza. Niliitaja mito yote inayotoka kwenye kile chanzo, vijiji vyote inakopita, koki zote nilizofunga kwa mikono yangu, na niliminya kile kidude bila kuambiwa mpaka nesi akasema inatosha. Nilikuwa naiambia ile chokaa kwamba humu ndani kuna mwenyewe.

“Kimefunguka,” daktari akasema. “Kiputo.”

Shingo ikabanwa kwa ndani. Moyo ukaenda zake, nikauhisi ukipungua hadi karibu kusimama, na taa zikaanza kufifia. “Kohoa, Mama! Kohoa!” Nikakohoa. Moyo ukarudi shingo upande. “Minya.” Kikalia. “Sema.” Nikasema nilikuwa nimefikia wapi, na kama hawakuwa wanasikiliza ningeweza kuanza upya.

Baadaye akanionyesha kile kichujio kwenye bakuli la chuma. Ndani yake kulikuwa na chembe za manjano, ndogo kuliko punje za ulezi, na ungaunga. Nilizihesabu zile za kuonekana, zilikuwa saba. Moja labda ilikuwa inauendea mkono wangu, nyingine mguu, na nyingine ilikuwa na safari ya kwenda kuniachia “sawa.” Nilizitukana pale pale, kwa Kibena, ili manesi wasinielewe. Sijawahi kufurahi namna hiyo maishani, na nimefunga ndoa na kuzaa.

Wakaniuliza maswali. Jina langu nani, leo siku gani, nimetoka wapi, hiki ni nini, hiki je. Saa, kalamu, kikombe. Nikajibu yote. Siku chache baadaye wakaniruhusu, na nikapanda basi na stenti yangu shingoni.

Binti yangu alikuwa ananisubiri stendi ya Makambako, upepo umempeperushia kitenge juu ya tumbo. Nilimwona kabla hajaniona. Nikafungua mdomo kumwita, na pale jina lake lilipokuwa pakawa patupu.

“Mwanangu,” nikaita.

Akageuka, akaja, tukakumbatiana, tumbo lake katikati yetu. Na mimi juu ya bega lake nilikuwa najipima. Njombe, ipo. Makambako, ipo. Spana, koki, valvu, mikaratusi, vyote vipo. Jina la kaka yangu, hakuna. La shemeji, hakuna. La mume wangu niliyeishi naye miaka ishirini na sita, hakuna. Watu wenyewe nilikuwa nao, sura zao, mwendo wao, nani alisema nini msiba gani. Majina yao ndiyo yalikuwa hayapo, kama mlango uliong'olewa kibao.

Umeona kwamba sijamtaja mtu jina tangu nianze kuandika. Wengine watadhani ni adabu. Sivyo, ni kwamba sina majina ya kutaja.

Na kwetu ni rahisi mno kujificha. Mtu mzima haitwi jina lake. Ni shemeji, wifi, kaka, baba mchungaji, mwenyekiti, jirani. Wanawake nilikuwa nawaita kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani, nikaanza kuwaita wote “mama” tu, kwa sauti ya upole. Wakasema Dar es Salaam imenifundisha heshima. Shemeji alinipokea kwa salamu yetu ya “kamwene” ya kusikika barabarani, akachinja jogoo, akanisikiliza nikibishana na mkwe wake saa nzima, akaridhika.

“Hukuacha kitu huko?” aliniuliza.

“Sikuacha kitu,” nikasema. Ulikuwa uongo, na niliusema kwa sababu sikutaka kumpa ushindi.

Nilimweleza yule daktari kijana wa Njombe peke yake. Alisema labda ni chembe ndogo sana iliyopita kwenye tundu, au iliyobanduka wakati ule wa kuvuka, kabla mwavuli haujafunguka. Akanipa mazoezi ya picha na majina, akasema mengine huweza kurudi. Kwa mwaka mzima limerudi moja, la mwalimu wangu wa darasa la tatu, ambaye sikumpenda.

Shemeji, kama maandishi haya yatakufikia, basi jua kwamba niliacha kitu. Ulikuwa na haki ya kuogopa. Lakini ningekwenda tena kesho. Ningeuliza swali lile lile, ningejibiwa vile vile, ningetia sahihi pale pale. Kichujio kisicho na matundu ni kizibo, na nilikuwa na vizibo vya kutosha hapo sebuleni kwako. Jogoo wako alikuwa mtamu, nakushukuru.

Binti yangu alijifungua mwezi uliofuata safari yangu. Mtoto wa kike, akapewa jina la mama yangu mzazi, kama inavyopaswa. Siku ya kumtoa nje tulijaa nyuma ya duka pale Makambako, upande wa mume, upande wangu, kaka kwenye kiti chake. Binti yangu akaniwekea mtoto mikononi.

“Mama, mwite. Tunataka alisikie jina kwako kwanza.”

Wakasogea wote kusikia. Nililitafuta. Nilimwona mama yangu kabisa, amepiga magoti shambani anachimbua viazi, kovu la rovu shingoni kama langu, nikaona kinywa chake, nikasikia alivyokuwa akinikaripia. Jina la mwanamke aliyenizaa halikuwepo. Nilikuwa na mtoto mikononi, watu ishirini mbele yangu, na hakuna kitu. Kaka ndiye pekee ambaye hakuwa anatabasamu. Alikuwa amenikazia macho, na nikajua amenigundua, maana yeye anaujua uso wa mtu ambaye neno limemkatalia.

“Mama,” nikasema.

Wakafurahi mno. Bibi akimwita mjukuu “mama” amempokea kwa heshima ya yule ambaye mtoto amerithi jina lake, na wifi yangu yule yule akafuta machozi kwa kanga. Hawakujua. Mtoto akageuza shingo kuifuata sauti. Nilimwinua karibu na uso wangu, machozi yananitoka, na kwa kuwa jina sikuwa nalo nikaanza kumweleza alikuwa nani huyo mama, alizaliwa wapi, alilima nini, alimjibu nini chifu aliyetaka kumnyang'anya shamba, na kila shemeji alipofungua mdomo kusema tuingie kwenye chakula nilimwambia asubiri, bado sijamaliza.